Gildi saba, hazina moja na kiongozi asiyelala: muungano wa gemu unatawaliwaje?

*Swali:* "Asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Kisauni, Mombasa. Naongoza muungano wa gildi (vikundi vya wachezaji) saba kwenye gemu moja ya mtandaoni ya falme na majoka (naomba usiitaje jina). Tuko watu 300: gildi tatu za Mombasa, mbili za Dar, moja ya Nairobi na moja ya Unguja. Kwa ukubwa ni 110, 60, 40, 30, 25, 20 na 15. Ile ya 110 ni ya Dar na inadai kura zaidi. Hazina yote iko kwangu kwa sababu mimi ndiye mwanzilishi, na sasa wanasema naila. Mwezi uliopita tulipokonywa ngome kwa kuwa nusu ya watu hawakuwapo, ilhali tangazo lilikuwa wazi: 'Vita Alhamisi saa 12, saa za seva.' Dar wakasema Mombasa tumewauza. Gildi ya nane, ya Goma, ikajitoa usiku huohuo, na sasa inaomba kurudi. Kuna pia kama shilingi elfu arobaini za kweli zilizochangwa kwa M-Pesa, ziko kwenye laini yangu. Nimeandika katiba ya kurasa 14 inayonipa uwezo wa kumfukuza yeyote. Silali vizuri na kazini nimeshapewa onyo. Je, nikaze kamba au niachie ngazi?"

*Jibu:*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umenieleza shida nne tofauti, kisha ukazipa jina moja: watu hawana nidhamu. Ndiyo maana dawa uliyoifikia ni katiba ndefu na rungu mkononi mwako. Kazi yangu ya mchana ni kukaa na kamati za vyama vya ushirika zinapokorofishana, na usiku nimo humohumo kwenye gemu kama wewe, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: ukiitangaza katiba hiyo kesho, keshokutwa utakuwa na gildi mbili, na moja itakuwa yako mwenyewe.

Tuanze na ngome, maana hapo hapana msaliti. Seva ya gemu yenu, yaani kompyuta kuu inayoiendesha, inakwenda kwa UTC (saa ya kimataifa), kama zilivyo nyingi, na UTC iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Nimepiga hesabu kutokana na maneno yako, na naona vita vilipangwa 18:00 ya seva. Wewe ukaigeuza 18:00 kuwa "saa 12" kwa mazoea ya kwetu. Sasa lisome tangazo lako kama mchezaji aliyekwama Likoni akisubiri feri. Mmoja ataingia saa kumi na mbili jioni ya hapa, aone ngome imetulia, angoje, aende kuswali Magharibi na kula, asirudi tena. Mwingine, aliyezoea saa za kompyuta, atasoma 12:00 ya seva, yaani saa tisa alasiri ya kwetu, naye bado yuko kazini; atasema leo simo. Wa tatu ndiye aliyepiga hesabu sawasawa. Akaja saa tatu usiku, akakuta ukuta hauna mtu, akahisi ameuzwa. Na Goma, walio nyuma yetu kwa saa moja, muda wenyewe kwao ulikuwa saa mbili usiku. Wote hao walilitii tangazo. Umepoteza ngome kwa neno moja, si kwa fitina, na ningekuwa wewe ningewaandikia Dar maneno hayo hayo leo, kabla ya kuzungumza nao habari ya kura.

Tangu sasa kila tangazo liwe na nyakati zote tatu katika mstari mmoja: 18:00 seva, saa 3 usiku kwetu, saa 2 usiku Goma. Ramadhani mpange upya kabisa. Mtu aliyefuturu akaenda tarawehe hawezi kuwa na upanga mkononi saa mbili u nusu, na hata saa tatu wengine bado wako njiani kutoka msikitini. Baadhi ya gemu humruhusu mwenye ngome kuchagua saa za kushambuliwa. Kama yenu inaruhusu, uchaguzi huo uwe wa baraza lote, kwa kuwa ndio unaoamua nani atapigana na nani atalaumiwa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Unauona muungano kama dola na wewe mkuu wake. Dola ina mipaka na askari, na raia akiudhika hana pa kwenda. Kwenye gemu, kiongozi wa gildi akiudhika anabonyeza kitufe, na kabla chai haijapoa yuko nje na watu wake wote. Tazama pia muungano wenyewe ni nini ndani ya programu. Kwenye gemu nyingi ni chumba cha gumzo, rangi moja kwenye ramani, na uwezo wa gildi mama kukaribisha au kufukuza. Kodi, mgawo wa nyara, zamu za ulinzi na ahadi za kusaidiana, hayo programu haiyajui. Yanasimama kwa sababu watu wanaona faida ya kuyatimiza. Basi rungu unalotaka kujipa ni la kufukuza tu, na mtu anayeweza kuondoka mwenyewe wakati wowote haogopi kufukuzwa.

Mfano wa utawala wa namna hii uko hapo hapo Mombasa. Mji wa Mvita ulikuwa wa Thenashara Taifa: Tisa Taifa upande mmoja, na upande wa pili Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kila taifa lilikuwa na wazee wake na mambo yake ya ndani, na kila kundi lilikuwa na tamimu wake wa kulisemea. Hata Mazrui, ukoo uliotawala mji kutoka Ngomeni (Fort Jesus), iliwalazimu wasikilizane na pande zote mbili. Walipoanza kugombania uongozi wao kwa wao baada ya 1835, umoja ukalegea, na mwaka 1837 Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, akaupata mji ambao ulikuwa umemsumbua kwa miaka. Waliojifunza historia hiyo kwenye vijiwe vya Mji wa Kale hawahitaji nimalizie.

Kwa hiyo kurasa 14 zipunguze hadi moja. Ukurasa huo useme yale tu ambayo gildi moja haiwezi kuyafanya peke yake: kuingia vitani na kufanya amani, kupokea mwanachama mpya, kiwango cha mchango, ulinzi wa ngome za pamoja, na namna ya kutoka. Nani apandishwe cheo, nani avae nini, nani kamtukana nani kwenye gumzo la ndani, hayo ni ya kiongozi wa gildi. Ukiyaingilia utayabeba yote, na nahisi umeshaanza kuyabeba.

Sasa hazina. Sisemi unaila. Nasema hakuna awezaye kujua kama huili, na wewe mwenyewe huna cha kuonyesha. Hilo halitibiwi kwa kiapo.

Kisa maarufu cha hatari ya ruhusa kukusanyika mahali pamoja hakikutokea kwenye falme za panga bali angani, katika gemu ya EVE Online. Februari 2009 muungano ulioitwa Band of Brothers, uliokuwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko wote, ulivunjwa bila risasi. Mmoja wa wakurugenzi wake alihamia kwa mahasimu wao, GoonSwarm, na kwa ruhusa alizokuwa nazo kihalali akaziondoa kampuni wanachama (ndizo gildi za huko) na kuufunga muungano. Mahasimu wakalichukua lile jina, wenyewe wasiweze kulirudisha, na himaya yao ikabaki wazi. Hakukuwa na udukuzi wowote; programu ilifanya ilivyoamriwa na mwenye ruhusa. Miaka mitano baadaye, Januari 2014, katika gemu hiyohiyo, ada ya kumiliki eneo liitwalo B-R5RB haikulipwa kwa wakati. Kosa hilo la kikarani lilizaa vita vya takriban saa 21, zikateketea meli 75 za daraja la juu kabisa, na thamani ya hasara ikakadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani. Nakutajia hivi viwili pamoja kwa sababu kiongozi mwenye hofu huwaza juu ya kile cha kwanza tu, mwizi, akasahau cha pili: kazi ndogo ya kila wiki iliyoachwa kwa mtu mmoja aliyechoka. Mtu huyo kwenu ni wewe.

Ruhusa ya kutoa vitu igawe kwa watu watatu wa gildi tatu tofauti, kila mmoja na kasha lake. Ruhusa ya kufukuza gildi na kuvunja muungano iwe kwenye akaunti isiyotumika kila siku, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na nenosiri lake lisipite WhatsApp hata siku moja. Hazina yenyewe iwe ndogo kwa makusudi, itoshe kulinda ngome mbili kwa wiki mbili. Kinachozidi kirudi kwenye gildi. Wengi hunibishia hapa, wakisema muungano wenye hazina kubwa unaheshimiwa. Unaheshimiwa, ndiyo, na pia unaviziwa. Kisha kila Ijumaa watu wawili wa gildi tofauti wapige skrinishoti ya kumbukumbu ya makasha, nani kaweka, nani katoa, lini, waiweke hadharani bila hotuba. Lakini kabla ya yote toa hesabu ya ulichonacho leo, hata kama ina mashimo. Kuna seti tatu za silaha hukumbuki zilikokwenda? Andika hivyohivyo: seti tatu, sikumbuki. Watakupigia kelele siku mbili, kisha watakuamini kuliko walivyokuamini kabla.

Kuhusu kura, Dar wana nusu ya haki, na wewe una nusu. Chukua hesabu zako. Kila gildi ikiwa na kura moja, zile nne ndogo, zenye watu 30, 25, 20 na 15, zinafika 90 tu, nazo zinaweza kuwatupa watu 300 vitani. Dar hawatakubali, nami nisingekubali. Mkipiga kwa vichwa, gildi ya 110 ikishikana na ile ya 60 wanakuwa 170, zaidi ya nusu, na zile tano nyingine hazina haja ya kuhudhuria kikao tena. Njia inayofaa kwa muungano wa ukubwa wenu ni kutaka wingi mara mbili: jambo kubwa lipite likiungwa mkono na gildi nne au zaidi, na gildi hizo kwa pamoja ziwe na zaidi ya nusu ya wapiganaji. Wahesabiwe waliohudhuria vita vya mwezi uliopita, si majina yaliyoandikwa, maana kila gildi ina akaunti zilizolala tangu enzi. Ubaya wa njia hii ni kwamba inachelewesha mambo na kuna siku hamtaamua lolote. Kwa habari ya vita na amani, mimi naona kuchelewa huko ni faida. Kwa mambo ya kila siku msipige kura kabisa.

Na vita vikishaanza, demokrasia inakaa kando. Mteueni amiri mmoja kwa kila pigano, sauti yake peke yake ndiyo isikike kwenye chumba cha amri, na akimaliza arudi kuwa mtu wa kawaida. Asiwe wewe kila mara. Amiri mzuri na mpatanishi mzuri mara nyingi ni watu wawili tofauti, na wa kwanza huwa na mdomo mkali.

Hukuniuliza habari ya nyara, lakini naziona chini ya maneno ya Dar. Tangu enzi za gemu ya EverQuest, iliyotoka 1999, wachezaji walibuni pointi za kuhudhuria: unakuja vitani unapata pointi, kitu kizuri kikidondoka unakinunua kwa pointi zako. Ni haki, lakini pointi hurundikana, na mkongwe aliyekaa nazo mwaka mzima huja siku moja akachukua kila kitu mbele ya kijana aliyekesha mwezi huu. Dawa ni kuzipunguza kwa asilimia fulani kila wiki. Kwa muungano, ushauri wangu ni mmoja tu: gaweni kwa gildi kulingana na mahudhurio, kisha gildi igawe kwa watu wake. Mkianza kugawa kwa mchezaji mmoja mmoja kati ya watu 300, utakuwa kadhi wa viatu na mikuki.

Adhabu. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaotumia kwa pamoja maji ya kumwagilia, misitu na maeneo ya uvuvi bila kuangamizana. Moja ya aliyoyakuta katika makundi yaliyodumu ni kwamba adhabu huanza ndogo na kupanda polepole, na anayesimamia ni mwenzao au mtu anayewajibika kwao. Gildi isiyoleta watu kwenye zamu ikumbushwe kwanza, mara ya pili ikose mgawo wa wiki, mara ya tatu isimamishwe kupiga kura kwa muda. Kufukuza kuwe mwisho kabisa, na kuamuliwe kwa ule wingi mara mbili, si kwa kidole chako. Na kiwepo chumba kidogo cha wawakilishi, wawili kwa kila gildi. Kundi moja la WhatsApp lenye watu 300 linafaa kwa matangazo tu. Utani wa Kimombasa ukisomwa na mtu wa Nairobi saa sita za usiku, bila sauti wala uso, unaweza kuanzisha vita ambavyo seva haina habari navyo.

Zile shilingi elfu arobaini ni habari nyingine, na hapo naacha utani. Dhahabu ya gemu, kwa masharti ya kampuni nyingi, si mali yako. Umepewa ruhusa ya kuitumia tu, na kuinunua kwa wachuuzi wa pembeni kunaweza kufungisha akaunti. Basi kama sehemu ya michango ilikuwa ya kununua dhahabu, acheni, na warudishieni wenyewe. Kilichobaki kitoke kwenye laini yako binafsi, kishikwe na watu wawili, na taarifa ya M-Pesa ionyeshwe kwa waliochanga. Mtu akidai umekula pesa zake na msielewane, usibishane naye kwenye simu. Chapisha taarifa yako, mtafuteni mzee au mpatanishi mnayemheshimu nyote, mkae uso kwa uso. Ikishindikana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili kusimama mbele yake. Akaunti ikiibwa, anza na kampuni ya gemu, kisha polisi: kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya Kenya ya 2018, na Tanzania ina yake ya 2015. Kwa mambo hayo mwone mwanasheria ana kwa ana. Barua hii haitoshi.

Na usingizi wako. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kuzama kwenye gemu katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili hivi. Sisemi unao. Wengi walio katika hali yako wana mzigo wa kazi tu, na ukipunguzwa wanalala. Lakini onyo la kazini si jambo la kupuuza. Jaribu hivi kwa mwezi mmoja: uongozi wa kila siku uende kwa zamu ya wiki mbili mbili, na zamu ya kwanza isiwe yako. Naibu mmoja awe mbali na pwani, na ikiwezekana nje ya Kenya na Tanzania. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi zote mbili kwa pamoja. Ukiona huwezi kukaa pembeni hata katika wiki zisizo zako, au umeanza kuficha saa unazocheza kwa watu wa nyumbani, nenda kwa daktari au mshauri nasaha, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Umeuliza ukaze kamba au uachie ngazi. Baki kwenye baraza kama kiongozi wa gildi yako, na uachie funguo.

Kuhusu Goma, wapokeeni, lakini si kwa ujumbe wako wa faragha. Waelezwe kwanza habari ya saa 12, maana nao wanaamini waliachwa. Kisha jina lao lipigiwe kura na baraza jipya, wakae siku thelathini bila kura na bila kugusa hazina, na wapate mgawo wao wa nyara kama wengine kuanzia vita vya kwanza. Siku hiyo hiyo ongezeni kwenye ule ukurasa mmoja kanuni ya kutoka: gildi inayotaka kuondoka itoe taarifa ya siku saba, ichukue sehemu yake ya hazina kwa mahudhurio yake, na pande zote mbili zisishambuliane kwa siku kumi na nne. Dar waisome kabla ya wengine, kwa sababu wao ndio walio karibu zaidi na mlango.